Taksiri ya Wakili Isimwangukie Mvumbuzi

Mtu aliyetumia sehemu njema ya umri wake kuvumbua kitu chenye manufaa, kisha akamkabidhi wakili nyaraka na fedha zake kwa kuamini kwamba mwenye elimu ya mambo hayo ndiye ajuaye nyakati zake, hupatwa na msiba asioustahili aambiwapo kwamba hataza yake imebatilika kwa kuwa wakili yule aliiacha siku ya mwisho ikapita.

Mkataba wa Hataza wa Ulaya, uliotiwa saini mjini Munich mwaka 1973, haukuifunga kabisa milango ya rehema. Kifungu chake cha 122 chamruhusu aliyepitwa na muda kuomba arejeshewe haki yake, mradi aombe ndani ya miezi miwili tangu kuondoka kwa kizuizi, na kabla ya kutimia mwaka tangu muda ule kupita, tena athibitishe kwamba ulitumika uangalifu wote uliopasa kwa hali ile. Dhuluma imo katika sharti hili la mwisho. Hukumu ya mwaka 1981, ijulikanayo kwa alama ya J 5/80, ilikata shauri kwamba mwenye wakili harejeshewi kitu mpaka wakili mwenyewe adhihirike kuwa alikuwa na uangalifu huo. Karani akikosea mara moja, husameheka ikiwa wakili alichagua mtu afaaye, akamwelekeza barabara na kumsimamia ipasavyo. Lakini wakili akighafilika mwenyewe, mghafala wake huhesabiwa kuwa wa mteja, hata mteja awe hakupungukiwa na nadhari hata kidogo. Kwa mvumbuzi, karani na wakili ni watu wa ofisi moja, wala hana uwezo wa kumsimamia yeyote kati yao.

Husemwa kwamba aweza kumshitaki wakili na kudai fidia. Naam, lakini itambidi athibitishe faida ambayo uvumbuzi wake ungeleta katika soko ambalo haujapata kuingia, na hilo ni jambo zito mno kulipimia fedha. Husemwa pia kwamba washindani wana haki ya kujua kuwa njia i wazi. Hoja hiyo ina uzito, ila kifungu kile kile kimekwisha kuwahifadhi: aliyeanza kwa nia safi kuutumia uvumbuzi, au kufanya matayarisho ya dhati, baada ya haki kupotea na kabla ya kutangazwa kurejeshwa kwake, huruhusiwa kuendelea katika shughuli yake bila malipo.

Uingereza, iliyokuwa nayo ikidai uangalifu wa kadiri katika ada za kuhuisha hataza, iliacha sharti hilo tangu Januari 2005, na sasa huuliza tu kama kuchelewa hakukuwa kwa kusudi. Marekani nayo hutumia kipimo hicho. Mkataba wa Ulaya ulirekebishwa mwaka 2000, na sharti la uangalifu wote likaachwa lilivyo. Marekebisho yajayo yalifute, ukomo wa mwaka mmoja ubaki, na wakili mzembe ajibu mbele ya baraza la nidhamu la wenzake.