Anayesafiri Peke Yake Awe na Mtu wa Kumsubiri

KILA mara Serikali inapotangaza majina ya walimu wapya na vituo walivyopangiwa, zipo nyumba nyingi ambamo furaha na wasiwasi huingia kwa mlango mmoja. Kijana wa Tanga anakwenda Rukwa. Binti wa Bukoba anakwenda Lindi. Hajapata kufika huko, hana ndugu huko, na fedha iliyopo haitoshi nauli ya mtu wa kumsindikiza. Atasafiri peke yake. Neno ambalo wazazi humwambia msafiri wa namna hii halijabadilika tangu enzi za babu zetu: ukifika utujulishe. Zamani kujulisha huko kulifanyika kwa simu ya maandishi iliyopelekwa posta, au kwa barua aliyokabidhiwa dereva wa basi linalorudi, na wazazi walikaa siku kadhaa bila kujua kama mtoto wao amefika au amelala njiani. Leo msafiri huyo anayo simu inayoweza kumwonyesha mahali alipo, dakika kwa dakika, kwa mtu aliye umbali wa kilometa elfu moja. Tunalotaka kulijadili ni kama chombo hicho tunakitumia, ama tunakibeba tu.

Programu za simu zenye uwezo huo si ngeni wala hazihitaji fedha za ziada zaidi ya bando. WhatsApp, ambayo walimu na watumishi wengi wanaitumia kila siku kwa shughuli za kikazi, imekuwa na huduma hiyo tangu mwaka 2017. Mtumiaji huchagua mtu anayemwamini, kisha humruhusu aone anakopita kwa muda wa dakika 15, saa moja au saa nane. Ramani za Google nazo zinafanya kazi hiyo, na humruhusu mwenye simu kuiacha huduma iendelee hadi atakapoizima mwenyewe. Kadhalika, katika simu nyingi za Android za miaka ya karibuni, kubonyeza kitufe cha kuwashia mara tano mfululizo huanzisha wito wa dharura, mradi mwenye simu awe ameiwezesha huduma hiyo mapema katika mipangilio. Hapo ndipo penye udhaifu wa wengi wetu. Mtu haanzi kutafuta mipangilio ya simu akiwa amezingirwa na vibaka.

Hata hivyo, anayetaka kukitegemea chombo hana budi kujua kinavyofanya kazi na mahali kinaposhindwa. Simu hujua mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya setelaiti za mfumo wa GPS, ambao ulijengwa na Marekani kwa shughuli za kijeshi, ukakamilika mwaka 1995, na tangu mwaka 2000 raia wa dunia nzima wamekuwa wakipata mawimbi yake bila kupunguziwa usahihi kwa makusudi. Mawimbi hayo hayahitaji bando. Lakini kuipeleka habari hiyo kwa mtu mwingine kunahitaji mtandao wa simu na bando. Kwa hiyo basi linapopita katika pori lisilo na mnara, simu ya msafiri inaendelea kujua iko wapi, ila walioko nyumbani hawajui. Wanachokiona ni mahali alipokuwa mara ya mwisho mtandao ulipopatikana. Mzazi asiyeelewa jambo hili huona nukta imeganda katikati ya pori na kuanza kulia, kumbe mtoto wake amesinzia kitini na basi linakwenda vizuri. Mzazi mwingine huona nukta hiyo hiyo imeganda, akadhani ni mtandao tu, kumbe safari hii kuna tatizo la kweli.

Na saa nane za WhatsApp si nyingi kwa nchi kubwa kama yetu. Basi lililotoka Dar es Salaam alfajiri kwenda Songea, saa hizo zikiisha huenda ndiyo kwanza lipo maeneo ya Iringa. Msafiri asipokumbuka kuanzisha upya, anakuwa amefuatiliwa katika sehemu ya safari yenye watu hamsini waliomzunguka, na kuachwa peke yake pale anapobaki peke yake kweli.

Hatari kwa msafiri wa peke yake haikai sawasawa katika safari nzima. Akiwa ndani ya basi ana tiketi yenye jina lake, ana kondakta, ana abiria wenzake, na gari lenyewe limefungwa kifaa ambacho kwa njia yake Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hufuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani. Anaposhuka, vyote hivyo vinaondoka na basi. Anabaki na begi, godoro, na kijana wa bodaboda asiyemfahamu, na mbele yao kilometa ishirini za njia ya vumbi kwenda shuleni. Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya zuio lililodumu kwa miaka mingi. Uamuzi huo umewanufaisha wafanyabiashara na wasafiri wengi, nasi hatuna ugomvi nao. Lakini maana yake ni kwamba mgeni anaweza kushushwa stendi ya wilaya saa tisa usiku, simu ikiwa imebakiwa na chaji asilimia nne kwa sababu njia nzima ilikuwa ikionyesha sinema.

Kwa hiyo tunawashauri ndugu zetu wasafiri kwamba bando na chaji viwekwe akiba kwa ajili ya kilometa hizo ishirini, kama mtu anavyoweka akiba nauli ya mwisho. Asiyelazimika kuondoka stendi usiku angoje kupambazuke. Anayelazimika aipige picha namba ya pikipiki na kuituma kabla ya kupanda, tena mbele ya dereva mwenyewe, kwa upole na bila kumtuhumu. Dereva mwema hatachukia, na mwenye nia mbaya atajua kwamba yupo mtu mwingine anayeijua namba yake.

Mijini mambo yana sura nyingine. Dar es Salaam, bajaji na magari yanayoitwa kwa programu ya simu humpa abiria jina la dereva, namba ya gari na njia itakayopitwa, na abiria anaweza kuituma safari hiyo kwa mwenzake. Ni kinga nzuri. Lakini umezuka mtindo wa dereva kumwomba abiria waikatishe safari kwenye simu, wapatane bei mkononi, ili dereva akwepe makato ya kampuni. Abiria hufurahia kupunguziwa shilingi mia tano, bila kutambua kwamba kuanzia hapo safari yake haina kumbukumbu popote. Malalamiko ya madereva kuhusu makato yana mahali pake pa kuzungumzwa. Mahali hapo si ndani ya gari, usiku, na abiria mmoja.

Tumekwisha kusema kuhusu msafiri. Ila tukiri kwamba mzigo mkubwa zaidi uko kwa anayesubiri, na huyu ndiye anayesahaulika. Programu haimlindi mtu. Haina mikono wala sauti. Inachofanya ni kumwonyesha mtu wa pili nukta juu ya ramani, na kama mtu huyo wa pili amelala, au simu yake haina bando, au hajui afanye nini nukta ikienda kusikotarajiwa, basi hakuna kilichofanyika. Tunawajua watu wanaotuma mahali walipo kwa kundi lenye wanachama mia moja. Kila mmoja katika kundi huamini kwamba mwingine anaangalia. Ni heri mtu mmoja aliyekubali kazi hiyo kwa mdomo wake, aliyeambiwa saa ya kutarajiwa, aliye na namba ya kampuni ya basi, na ambaye mmekwisha kupatana kwamba saa fulani ikipita bila habari atapiga simu, akikosa atampigia mwenyeji, na akikosa tena atawaarifu polisi kwa namba 112. Mapatano ya namna hiyo yanafaa hata kwa mwenye simu ya kitochi isiyo na ramani yoyote. Ujumbe mfupi wa maneno matatu, ukitumwa kwa mtu anayeusubiri kwa dhati, una kazi kuliko ramani isiyotazamwa.

Hapa hatuna budi kutoa tahadhari. Kinga hii ikiachwa mikononi mwa watu wasio na ustaarabu hugeuka kuwa kamba shingoni. Wapo waume wanaowalazimisha wake zao kuonekana kwenye ramani mchana kutwa, na wapo wakuu wa kazi ambao wangependa kuwaona watumishi wao hata siku za mapumziko. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa faragha yake, na tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ruhusa ya kumfuatilia msafiri itoke kwake mwenyewe, iwe ya safari ile tu, na ikome anapofika.

Lakini mwajiri asijifiche nyuma ya faragha kukwepa wajibu wake. Mwalimu anayekwenda kuripoti, muuguzi anayehamishwa, mkaguzi anayetumwa vijijini, wote hawa hawakuamka asubuhi wakaamua kutembea. Wamepelekwa. Aliyewapeleka anapaswa kujua kama wamefika, na kujua siku ile ile, wala si mwisho wa mwezi orodha ya mishahara inapoonyesha kwamba kuna mtu hajaripoti. Mwalimu mkuu mwenye shule yenye upungufu wa walimu, anayeambiwa kwamba anakuja mwalimu wa hisabati, anaweza kumpigia mgeni huyo kabla hajaanza safari, akamweleza njia, akamtajia bodaboda wawili watatu wanaofahamika kijijini, na siku ya safari akaiweka simu yake wazi. Wapo walimu wakuu wanaofanya hivyo kwa utu wao, bila kuagizwa na mtu.

Tungependa ofisi za wakurugenzi wa halmashauri zisiuache utu huo uwe bahati ya anayepangiwa shule nzuri. Barua ya kumpangia mtumishi kituo hutaja cheo, mshahara na siku ya kuripoti. Iongezwe mistari miwili: jina la mtu atakayempokea huko aendako, na namba ya simu ambayo mtu huyo ataipokea hata usiku wa manane.