Mwacheni Alusa Abadilike

Kuna neno Wakenya tunalitumia kama rungu: umechenji. Ukikataa kutoka Ijumaa kwa sababu unaweka akiba ya karo, umechenji. Ukiacha pombe, umechenji. Ukioa, ukihama Umoja ukaenda Kitengela, ukianza kulala saa tatu usiku, wasee watakaa chini wakujadili kama kesi ya mahakamani. Hakuna anayeuliza kama umechenji vizuri au vibaya. Ukilisikia hilo neno, jua hukumu ilishapita.

Mwaka 2023 Bien alihukumiwa kwa neno hilo, na mimi nilikuwa miongoni mwa mahakimu. Nakubali kosa mapema ndiyo msije mkanitafuta.

Mnakumbuka mwaka wenyewe. Mwezi wa tano Sauti Sol walitangaza kwamba baada ya ziara yao ya mwisho kila mtu atashika njia yake. Novemba wakatuaga Nairobi kwa Sol Fest. Watu walilia, na sikuwacheka. Hawa ni vijana ambao watatu kati yao walianza kuimba pamoja wakiwa Upper Hill School, kisha Polycarp akaja na gitaa lake. "Sura Yako" ilitoka 2014, na tangu hapo sijahudhuria harusi Nairobi ambapo haikuchezwa, wajomba wakijaribu lipala na magoti yao mabovu. Sasa mwaka huohuo wa kuagana, Bien akatoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, Alusa Why Are You Topless? Nilikuwa kwenye matatu. Nikasikiliza ngoma tatu, nikang'oa earphone, nikaandika kwenye grupu ya WhatsApp: "Huyu sio Bien." Watu sita wakaweka kidole gumba. Nikajiona mchambuzi.

Leo nataka kusema wazi kwamba ule haukuwa uchambuzi. Ulikuwa uvivu, na nyuma ya uvivu kulikuwa na woga. Na sikuwa peke yangu, kwa sababu sentensi hiyohiyo ndiyo tunayowaandikia wasanii wetu kila siku: turudishie yule wa zamani. Tunaiandika kama vile msanii ni simu iliyoharibika, unaipeleka kwa fundi pale Luthuli Avenue inarudi vile ulivyoinunua.

Hebu tujikumbushe kitu. Nyashinski alitoka Kleptomaniax, kundi lililotufanya turuke sebuleni tukiwa watoto, akaenda Marekani akakaa karibu miaka kumi. Aliporudi 2016 na "Now You Know", alikuwa mtu mzima. Mwaka uliofuata akatoa "Malaika", ngoma ya mwanamume ametulia, anapenda, hana haraka. Sasa fikiria angetusikiza sisi tuliotaka arudi vilevile, na zile nguo kubwa na zile mbwembwe za mwaka 2004. Tungempa makofi ya huruma wiki mbili halafu tumsahau. Hiyo "Malaika" mnayoingia nayo kanisani mkiwa mmeshikana mikono ilitoka kwa mtu aliyekataa kurudi alikotoka.

Kwa hivyo shida yetu sio mabadiliko. Shida ni kwamba tunataka mtu abadilike tukiwa hatumwangalii, kisha aje akiwa tayari ameiva. Akibadilika mbele yetu, jasho likionekana, tunamwita msaliti.

Na Sauti Sol wenyewe walituimbia ugonjwa huu. Sikilizeni "Suzanna" ya 2020 tena. Ni wimbo mtamu, una ile ladha ya vinyl ya wazazi wetu, na ndani yake mwanamume analalamika kwamba msichana aliyempenda siku hizi si yule. Tuliuimba nchi nzima. Sikumsikia mtu mmoja akiuliza Suzanna mwenyewe angesema nini akipewa maikrofoni.

Mimi niliambiwa na Suzanna wangu, na sio kwa wimbo. Tulikuwa pamoja miaka minne. Akaanza masomo ya jioni ya uhasibu. Ghafla Jumamosi hana nafasi. Akaanza kusema hapana bila kuongeza "pole". Saa nne usiku anakata simu kwa sababu ana mtihani. Nikavumilia wiki kadhaa, kisha nikamtolea lile rungu: "Wewe umechenji." Akaniangalia kwa utulivu ulioniudhi zaidi, akasema, "Sasa ulitaka nikae miaka minne vile ulinipata?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na hasira tu, na nikaitumia hasira kama jibu. Hakukaa sana baada ya hapo.

Nawaambia haya kwa sababu nilipoirudia albamu ya Bien, miezi baadaye, mwanzo hadi mwisho bila kurukaruka, nilikuwa nasikiliza na swali lake kichwani. Na nikasikia kitu ambacho ngoma tatu za kwenye matatu hazikunionyesha. Kwenye Sauti Sol, sauti moja ikiyumba, zingine tatu zinaidaka. Hiyo ndiyo raha ya kundi, na pia ndiyo maficho yake. Ukiimba "nakupenda" mkiwa wanne, hakuna mmoja anayeweza kuulizwa. Kwenye albamu hii hakuna wa kumdaka. Jamaa anaimba mapenzi akiwa na jina lake la nyumbani mgongoni, Alusa, na kwenye kichwa cha albamu amejiuliza mwenyewe kwa nini yuko kifua wazi. Kumbukeni 2014 kifua wazi cha "Nishike" kilivyozua kelele nchini. Wakati ule ngozi ilikuwa maonyesho. Miaka tisa baadaye ameigeuza kuwa swali, na analiuliza akiwa mume wa mtu. Ukiniambia hayo sio mabadiliko ya maana, sijui unasubiri yapi.

Chukua "Inauma", ngoma nyingine aliyoimba bila wenzake. Kichwa chenyewe ni neno moja ambalo wanaume wa nchi hii hatulisemi. Tunasema "niko sawa". Tunasema "ni life". Tunaagiza nyingine, tunaongeza sauti ya mpira. Mtu anayesimama mbele ya taifa zima na kusema inauma, bila kuongeza mzaha wa kujiokoa, amefanya kazi ambayo wengi wetu hatujaifanya hata tukiwa peke yetu bafuni.

Sasa wewe msomaji mkali utaniuliza: kwani kila mabadiliko ni mazuri? Hakuna wasanii wanaouza roho, wanafuata soko, wanatuletea uji mwepesi na kuuita ukuaji? Wapo, tena wengi. Na sisemi albamu ya Bien haina doa. Kuna mahali nasikia akitupia jicho soko la Lagos kuliko anavyohitaji, na "My Baby" na Ayra Starr, pamoja na utamu wake, inanipitia kama gari zuri la mtu mwingine. Ile ya Scar Mkadinali, "True Love", inanishika zaidi kwa sababu naijua barabara inayopita. Haya ni maoni yangu, unaweza kuyapinga, na tukipingana tutakuwa tunaongea juu ya muziki.

Ukisema "kiitikio hiki ni chepesi", umesikiliza. Ukisema "mashairi haya hayana uzito", umesikiliza. Lakini ukisema "sio yule", hujasikiliza chochote. Umelinganisha mtu na picha uliyonayo kichwani, na ile picha ni yako wewe, ya mwaka ambao ulikuwa na nywele nyingi na deni kidogo. Hiyo ndiyo siri ya "turudishie yule wa zamani": hatumtaki yeye wa zamani, tunajitaka sisi. Tunamtaka msanii atulindie ujana wetu kama askari wa geti, usiku na mchana, bila likizo, bila kuoa, bila kuumwa, bila kuchoka kuimba wimbo uleule.

Na gharama inalipwa na watu halisi. Msanii mchanga anayeona vile tulivyompokea Bien anajifunza kwamba ngoma ya pili lazima ifanane na ya kwanza, na ya tatu ifanane na ya pili. Baadaye tunalalamika kwamba muziki wa Kenya unafanana. Sisi ndio tuliouagiza hivyo. Kisha tunarudi nyumbani na sikio lilelile. Mke anaanza biashara, amechenji. Rafiki anaanza kwenda kwa mshauri nasaha, amechenji. Ndugu anaacha kukopesha ovyo, huyo sasa amechenji kabisa.

Jina kamili la huyu jamaa ni Bien-Aimé. Kwa Kifaransa maana yake ni mpendwa. Sisi tunaosema tunampenda tungeanza kwa kumpa nafasi ya kumaliza albamu kabla ya kumuuliza alikompeleka yule mwingine. Ni nafasi ndogo. Mimi nilishindwa kumpa mtu niliyelala naye kitanda kimoja, kwa hivyo najua kwamba udogo wake sio urahisi.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye ile grupu ya WhatsApp. Nikaandika kwamba nilikosea kuhusu ile albamu, kwamba niliisikiliza vibaya, na waliosikiliza ngoma tatu kama mimi wairudie. Hakuna aliyeweka kidole gumba. Baada ya kama saa moja, mmoja akajibu: "Buda, siku hizi umechenji."

Nikamwandikia ndiyo, na natumai bado.