Kaa, Bamvua na Jua la Saa Nne
Ugumu wa kupiga picha za viumbe karibu na nyumbani, katika visiwa vya Lamu, hautokani na uhaba wa viumbe, kwa kuwa zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya imo katika kaunti hiyo, bali hutokana na saa za bahari. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu au mwandamo ambapo maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, bahari huwa imekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hapo ndipo kaa wadogo wa mikokoni hutoka mashimoni, dume akipunga gando lake moja kubwa kuwaita majike. Lakini jua nalo limekwisha kuwa kali, tope linameta, na rangi ya gando inapauka. Upepo wa kusi huongeza kero kwa kupaka lenzi ukungu wa chumvi. Hata hivyo, mkaazi ana faida asiyokuwa nayo mgeni wa siku tatu (ambaye, pamoja na kamera yake ya bei, aghalabu huishia kupiga picha za punda), kwani anaweza kuchutama mbele ya shimo lile lile kila bamvua, mpaka kaa wakizoee kivuli chake.