MIKUKI ILIYOMJENGA MDACHI

Ndugu wanachama, kuna neno linasemwa vilabuni Tukuyu na Mbeya, nalo latuchukiza: eti Wasangu waliiuza nchi. Anayelisema aulizwe kwanza, nchi ipi? Mwaka 1896 hapakuwa na Tanganyika ya kuuzwa. Palikuwa na Usangu, Uhehe, Usafwa, na huku kwetu machifu wengi wa Kinyakyusa, kila mmoja na ng'ombe wake.

Ukoo wa Merere, watawala wa Usangu, ulikuwa umefukuzwa na Wahehe. Ukakimbilia Usafwa, ukajenga boma la mawe Utengule, na Wasafwa ndio walioonja uzito wake. Wadachi nao walikuwa na kisasi chao. Tarehe 17 Agosti, 1891, Mkwawa aliwavunja Lugalo na kamanda wao, Zelewski, akauawa. Oktoba 1894 waliiteka Kalenga, lakini Mkwawa mwenyewe hakushikika. Mizinga walikuwa nayo. Watu wa kumzingira na kuijua nchi hawakuwa nao. Merere alikuwa nao. Wakapatana. Wasangu wakarudi kwao, na Mdachi akapata mlango wa nyuma wa Uhehe.

Je, ulikuwa upumbavu? Sisi hatusemi hivyo. Adui ambaye Merere alimjua ni Mhehe. Mdachi alikuwa mgeni wa jana. Hata Mpangile, nduguye Mkwawa, alikubali kutawazwa na Wadachi mwishoni mwa 1896. Mwaka 1897 walimnyonga! Mkwawa akajiua Julai 1898. Mwaka huo huo ikaanza kodi ya nyumba, nayo haikumwuliza mtu alipigana upande gani.

Na sisi wa Rungwe tusijifanye wasafi. Mwishoni mwa 1887 wazee wetu walishuka Karonga kwa wingi kuwasaidia Waingereza wa kampuni ya African Lakes dhidi ya Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa. Walipigana, wakateka nyara, wakarudi makwao. Hesabu yao ilikuwa nzuri kwa siku ile. Mwaka 1890 Waingereza na Wadachi waligawana nchi huko huko Ulaya bila kumwita hata mmoja wao. Mto Songwe ukafanywa mpaka, Wangonde ng'ambo, Wanyakyusa huku, watu wa asili moja. Mpaka huo ungali upo.

Basi neno "wasaliti" likome katika mikutano ya matawi yetu. Na mwalimu anayefundisha watoto habari za Lugalo asiiruke Utengule, wala Karonga.