Gitaa na Sheria Isiyoandikwa

Msomaji kijana, ikiwa umepata kuliona gitaa la sahani, yaani lile ambalo tumboni mwake mna sahani nyembamba za aluminiamu za kukuza sauti, yamkini uliambiwa kwamba halifai kuchezwa ila kwa kutelezesha shingo ya chupa au kipande cha chuma juu ya nyuzi. Mimi nasema kauli hiyo ni ya uvivu, wala haistahili kukaa katika kichwa cha mwanafunzi.

Haki ya mpinzani itangulie. Gitaa hili lilibuniwa na John Dopyera huko Los Angeles, Marekani, likaanza kuuzwa mwaka 1927. Aliyemwomba ala yenye sauti kubwa alikuwa George Beauchamp, mchezaji wa gitaa la Kihawaii, ambalo hulazwa mapajani na kutelezewa chuma. Siku hizo magitaa ya umeme yalikuwa hayajaenea, na katika kumbi za dansi sauti ya gitaa ilimezwa na tarumbeta na ngoma. Basi ni kweli kwamba mtelezo ulikuwapo tangu mwanzo, na kilio chake ni kitamu.

Lakini je, aliyetangulia kuingia nyumbani ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kukaa? Watengenezaji wenyewe hawakudhani hivyo. Waliunda magitaa ya shingo ya mraba, ya kulazwa mapajani, na mengine ya shingo ya mviringo, ya kupakatwa na kubanwa nyuzi kwa vidole. Oscar Alemán, mzaliwa wa Ajentina, alipiga jazi kwa gitaa la namna hii mjini Paris katika miaka ya 1930, alipokuwa katika bendi ya Josephine Baker. Blind Boy Fuller, kipofu wa North Carolina, alilichuna kwa vidole, gumba likishika besi na vidole vingine vikiimba. Nyimbo nyingi alizorekodi kati ya 1935 na 1940 hazina mtelezo.

Mpinzani atasema, "Nimejaribu, likaniumiza vidole." Bila shaka! Gitaa lililotayarishwa kwa mtelezo huinuliwa nyuzi mbali na shingo, ili chuma kisigonge. Kosa hilo ni la matayarisho, na fundi hulisahihisha. Nyuzi zikishushwa, sauti hulipuka upesi na kila noti husikika wazi, sifa ambayo mchezaji wa vidole huitafuta sana.

Anayedhurika kwa kauli ile ni mwanafunzi. Asiyependa mtelezo huliacha gitaa kabla ya kulijua. Aupendaye hubaki na njia moja katika ala yenye njia nyingi. Kwa hiyo, ukiambiwa kwamba jambo fulani "halifanywi hivyo", uliza kwa adabu: nani alikataza, na kwa sababu gani? Jibu likikosekana, shika gitaa lako ucheze.