Farasi wa Paris, feza za Lubumbashi

Hapa komini ya Lubumbashi, katikati ya mji, wapo vijana wanaojua majina ya farasi wa Vincennes na Longchamp kule Paris, nao hawajapata kuona mashindano ya farasi kwa macho yao. Wanabeti kwa simu.

Jumapili moja baada ya ibada, mmoja wao, dereva wa pikipiki, alituuliza: kampuni gani inalipa vizuri kuliko zingine? Hakuwa anatania. Juma lile alikuwa amecheza versement ya mwenye pikipiki, ikaisha yote. Tuliona tusimkaripie, tupige hesabu pamoja naye.

Kuna njia ya PMU ya Wafaransa, iliyoanzishwa mwaka 1930. Feza za wachezaji wote zinaingia chungu kimoja, mwenye mchezo anakata fungu lake kwanza, na walioshinda wanagawana kinachobaki. Katika tiercé, ya tangu 1954, unataja farasi watatu wa kwanza. Wakikimbia 16, kuna mipangilio 3,360. Kwa quinté, yenye farasi watano, mipangilio ni 524,160.

Kampuni za simu zenyewe zinatangaza kiwango cha malipo mapema, na fungu lao limefichwa humo. Chukua mchezo wa pande mbili zenye nafasi sawa. Haki ingekuwa kulipa mara 2, lakini kampuni inalipa 1.85. Ukiweka franka 1,000 kila upande, umetoa 2,000, unarudishiwa 1,850. Kampuni ya 1.90 ingekurudishia 1,900.

“Basi niende kwa wale wa 1.90,” akasema.

Hapo ndipo tulipomwuliza anacheza mara ngapi kwa siku. Maana farasi wa kweli wana saa zao, lakini wale wa kompyuta, ambao ni picha tu zinazofuata namba za bahati, wanakimbia kila baada ya dakika chache, usiku na mchana. Anayezungusha franka 5,000 mara 20 kwa kiwango cha 1.90 atabaki, kwa wastani, na karibu 1,800. Anayezungusha mara 3 tu kwa 1.85, kiwango kibaya zaidi, atabaki na karibu 3,960. Na wastani huo unaficha wengi wanaorudi nyumbani mikono mitupu.

Majirani wamejaribu sheria. Januari 2019 Uganda ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya, na mwaka uleule Kenya ilikataa kuongeza muda wa leseni za kampuni kadhaa, kisha ikatoza kodi ya 20% juu ya kila dau. Lakini kubeti hakukuisha, na kodi ya dau inatoka mfukoni mwa yuleyule mchezaji.

Makanisa nayo yajitazame. Tunauza tiketi za tombola ili tupate mabati, halafu tunamshangaa kijana. Mzee mmoja alijitetea kwamba hata mitume walipiga kura wakampata Mathiya. Ni kweli, ila hakuna aliyelipa ili kura ipigwe.

Dereva yule alikwenda kwa mwenye pikipiki pamoja na shemasi wetu. Wamekubaliana alipe deni kidogo kidogo kila Jumamosi, na simu anaiacha kwa mke wake jioni.