USIITIKIE AMIN MGONJWA AKIKOSA DAKTARI



Ndugu zangu Waislamu, kuna maneno yanazunguka sana kwenye magrupu yetu. Mtu anasoma kwamba hospitali za vijijini Marekani zinahangaika kupata madaktari, anaandika: "Wamejitakia. Wamewafungia mlango Waislamu, sasa waugue." Chini yake watu wanamiminika: Amin, Amin, Amin.

Nakuuliza wewe uliyeitikia: unajua umemuombea nani, na umemuombea nini?

Tuchukue jimbo moja tu, North Dakota, kaskazini kabisa, mpakani na Kanada. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 779,094. Hao hawafiki nusu ya watu wa Zanzibar, lakini ardhi yao ni zaidi ya mara 70 ya Zanzibar. Ni nchi ya ngano na mifugo, na watu wametawanyika. Madaktari bingwa wengi wako kwenye miji michache kama Fargo na Bismarck. Huko mashambani watu wanategemea hospitali ndogo ambazo sheria ya 1997 ilizipa hadhi maalumu: vitanda visizidi 25, na mlango wa dharura uwe wazi saa 24. Hospitali ya namna hiyo madaktari wake unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Akiondoka mmoja, mama mjamzito anaendeshwa masafa marefu barabarani, wakati wa baridi, theluji imetanda.

Sasa nani anakubali kwenda kukaa huko? Wenyeji wapo, lakini hawatoshi. Kwa hiyo mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha mpango ulioletwa na seneta wa jimbo hilohilo, Kent Conrad. Daktari wa kigeni aliyekuja Marekani kusomea ubingwa kwa visa ya J-1 anatakiwa kurudi kwao miaka 2 akimaliza. Mpango ule unasema: ukikubali kufanya kazi miaka 3 mahali penye upungufu wa madaktari, sharti la kurudi linaondolewa. Mwanzo kila jimbo lilipewa nafasi 20 kwa mwaka, na tangu 2002 ni nafasi 30. Ndiyo maana unaitwa Conrad 30.

Katika walioingia mlango huo wamo Waislamu wengi: Wapakistani, Wasudani, Wasyria na wengineo. Na usidhani Uislamu huko ni mgeni. Katika kijiji cha Ross, humohumo North Dakota, wahamiaji kutoka Syria waliokwenda kulima walijenga msikiti mwaka 1929, miongoni mwa misikiti ya mwanzo kabisa Marekani. Kwa hiyo unaposema "waugue", jua kwamba mgonjwa anaweza kuwa Mwislamu, na daktari wake pia. Na hata kama si Mwislamu, bado sijamaliza na wewe.

Ni kweli milango imefungwa. Sikatai, na dhulma naiita dhulma. Juni 2025 Marekani ilizuia kuingia watu wa nchi 12, zikiwemo Somalia, Sudan, Yemen na Libya, na Burundi ikawekewa vikwazo vya sehemu. Septemba mwaka huohuo ikatangazwa ada ya dola 100,000 kwa ombi jipya la visa ya H-1B. Baadaye ilifafanuliwa kwamba waliomo ndani ya nchi wakibadilisha visa hawalipi. Lakini hospitali ya kijijini ikitaka kumwajiri daktari aliyeko nje, hesabu hiyo inaiangukia. Hospitali ya vitanda 25 itatoa wapi dola 100,000 kabla hata daktari hajashika kipimo?

Wala si visa peke yake. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imepunguza fedha za Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Ofisi ya bajeti ya Bunge lao ilikadiria upungufu wa zaidi ya dola bilioni 900 katika miaka 10. Sheria hiyohiyo ikatoa dola bilioni 50 kwa miaka 5 kusaidia afya ya vijijini. Wewe piga hesabu mwenyewe: mtu akikunyang'anya gunia akakurudishia kibaba, utamwita mfadhili?

Sasa nisikilize vizuri, nina mambo matatu.

La kwanza. Waliosaini matangazo hayo hawaishi mashambani North Dakota. Wakiumwa kichwa, daktari yuko mlango wa pili. Anayelipa ni bibi kizee aliyeanguka jikoni, na mkulima aliyekatwa na mashine. Hao ndio uliowaombea maradhi. Allah (s.w.) katika Suratul Maida, aya ya 8, ametukataza kuiacha haki kwa sababu tu watu wametukasirisha. Hakuweka mpaka kwamba uadilifu ni kwa Mwislamu mwenzako pekee. Basi wewe uliyemrukia kizee kwa kosa la mtawala, uadilifu wako uko wapi?

La pili. Tumefundishwa madrasa kwamba utabibu ni fardhi kifaya. Wengi tumelishika jina tukaiacha maana. Fardhi kifaya maana yake akipatikana wa kutosha, wengine wameokoka, na asipopatikana, lawama ni ya jamii nzima. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliwalaumu watu wa zama zake katika Ihyaa: wanafunzi wanasongamana kwenye fiqhi na mabishano, na miji haina tabibu Mwislamu hata mmoja. Zingatia neno "kutosha". Daktari aliyeko mbali hamtoshi mgonjwa aliyeko hapa. Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w.) aliamuru apigiwe hema ndani ya msikiti ili awe karibu naye na amzuru. Ukaribu ni sehemu ya tiba. Kwa hiyo usinionyeshe takwimu kwamba nchi ina madaktari kadhaa. Nionyeshe mgonjwa wa kijijini anawafikiaje.

La tatu. Najua kuna mwenye hoja nzuri zaidi atakayesema: "Shekhe, hao madaktari wametoka nchi maskini. Si bora warudi kwao?" Hoja hii ina uzito, wala siifanyii mzaha. Sharti la miaka 2 liliwekwa ili ujuzi urudi nyumbani, na Conrad 30 inaliondoa. Lakini kwanza, hiyo siyo hoja uliyoitikia Amin. Pili, Msudani ambaye nchi yake inawaka vita tangu Aprili 2023 unamrudisha wapi? Tatu, jiulize wanaorudi wanapokelewa na nani. Mwaka 2017 Tanzania ilikubali kuipa Kenya madaktari 500. Kesi ikafunguliwa Kenya, mpango ukakwama, na Rais Magufuli akaamuru waajiriwe nyumbani madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda. Yaani watu 258 wenye vyeti walikuwa tayari kuvuka mpaka kutafuta kazi, na vijiji vyetu bado vinasubiri daktari. Kabla ya kumwambia daktari arudi, ihoji serikali yako: kiti chake kiko wapi?

Na hapa tujifunze kwa hao North Dakota, kwa sababu hekima haina kabila. Chuo kikuu cha jimbo lao kina mpango unaoitwa RuralMed. Mwanafunzi anayeahidi kufanya udaktari kijijini miaka 5 hulipiwa ada ya miaka yote 4 ya masomo ya udaktari. Hawakumpigia kijana hotuba ya uzalendo tu wakamwacha na deni. Waliandikiana mkataba: wewe utatupa miaka yako, sisi tutabeba mzigo wako. Dini yetu imetuamrisha kutimiza mikataba, lakini mkataba una pande mbili. Huwezi kumpeleka daktari kijijini bila nyumba, bila dawa, mshahara unachelewa, halafu akiondoka ukamwita mwenye tamaa.

Basi fanya hivi. Kwanza, rudi kwenye ile posti ufute Amin yako. Kama uko Marekani na una uraia, mwandikie mbunge wako: Conrad 30 haijawahi kuwa ya kudumu, Bunge huirefusha kila mara, na kila tarehe ikikaribia daktari na wagonjwa wake wanakaa roho juu. Mwambie pia madaktari waondolewe ada ya dola 100,000. Kama una kijana daktari aliyepangiwa kijijini, acha kupiga simu kumtafutia uhamisho wa mjini. Na nyinyi mnaotoa waqfu, misikiti tunayo, alhamdulillah. Jengeni nyumba moja nzuri karibu na zahanati, muiandike waqfu, akae daktari. Kila mgonjwa atakayetibiwa na daktari aliyelala humo, nakutarajia ujira.

Ewe Mola, wape shifaa wagonjwa wetu na wagonjwa wa watu wote, wajaalie madaktari subira, na usitujaalie nyoyo zinazofurahia maumivu ya mtu asiyetukosea.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie aliyeitikia Amin.